Mlango Uliofungwa Wakati wa Kula

Kwenye mazishi ya Mama Poni kule Koboko, mchungaji kijana ambaye hakuwahi kuonja chakula cha mama huyo alisimama karibu na jeneza akasema kwamba mlango wa marehemu haukufungwa hata siku moja, kwamba saa ya kula ulikuwa wazi kwa mgeni na kwa mwenyeji. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanawake, vumbi la safari ya kutoka Arua bado liko kwenye nyusi, na kando yangu alikuwa Mama Letaru, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo na anasikia yale anayotaka tu. Akanigusa mbavu kwa kiwiko. "Candiru," akasema, kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayofika mpaka barabarani, "huyu mutoto anazika nani?" Nikajifanya nakohoa. Mwanamke tuliyekuwa tunamzika alikuwa mwaka mzima anafunga mlango wake kila jioni wakati wa kula, tena kwa komeo, na majirani wote wakilisikia komeo linavyoingia. Nusura afukuzwe kwa sababu ya komeo lile. Na ukiniuliza ni kitu gani nimewahi kukiona kwa Mkristo kikanifanya nimheshimu mpaka leo, sina jibu jingine ila hilo hilo komeo. Mimi ni mtu wa soko. Debe lililobonyea silikubali, hata kama limebonyea kwa faida yangu. Kwa hiyo naandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa, ili marehemu apate sifa yake mwenyewe, asivishwe ya mtu mwingine.

Ya kwetu Ayivu nitayaacha. Hayana kitu ambacho msomaji hana kwao. Ulikuwa mwaka ule watu wa Yei, upande wa Sudan, walipovuka mpaka kwa wingi, na mimi, kijana bado, nilikuwa nimepeleka vitunguu Koboko nikaona vinatoka haraka kuliko Arua, nikabaki. Nilipanga chumba kwenye kiwanja cha kanisa moja dogo pembeni ya mji. Vyumba vilikuwa kwenye mstari mmoja chini ya bati moja, na kuta za katikati hazikufika juu, kwa sababu matofali yaliwaishia mafundi kabla ya ukuta kuwaishia. Ukipiga chafya chumba cha mwanzo, unaambiwa pole kutoka chumba cha mwisho. Chumba cha kwangu kilikuwa na kitanda, jiwe la kushikilia mlango, na harufu ya vitunguu ambayo wageni waliisifu kwa adabu. Kilichofuata kilikuwa cha Mama Poni na Mwalimu Wani.

Hawakuwa mume na mke, wala ndugu. Mwalimu Wani alikuwa mzee wa kufundisha nyimbo, aliyemfundisha Poni, binti wa Mama Poni, kusoma do-re-mi huko kwao kabla ya Poni kuolewa mbali. Walivuka kwenye kundi moja, na tangu wavuke Mama Poni alimtunza kama deni ambalo hakuna aliyemdai. Mwalimu alikuwa na koti moja la kijivu, na mkono wa kulia hautoki mfukoni. Akikusalimia, mkono mfukoni. Akisimama mbele ya kwaya, mkono mfukoni, anaongoza kwa wa kushoto. Tuliona ni maringo ya msomi, tukayapenda, maana kwaya isiyo na mtu wa kuringa haisikilizwi. Huo wa kushoto nao ulitetemeka kidogo anapoongoza. Sisi tukadhani anataka sauti zitetemeke. Tukazitetemesha. Wageni waliotoka makanisa mengine walisema Koboko kuna kwaya inayoimba kama inaogopa kitu.

Jioni, kila mwanamke wa kiwanja alitoa nje alichopika. Enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, ulikaa kwenye vikapu, na majani ya kunde yaliyopikwa na simsim yalikaa katikati, na siku ambayo mtu ameuza vizuri kunakuwa na samaki mkavu. Milango ilibaki wazi nyuma yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kuihitaji iandikwe: anayekula amefunga mlango ni mchoyo au mchawi, na kwa watu wengi wa pale tofauti ilikuwa ndogo. Mama Poni alileta kikapu chake kama wengine. Tena yeye ndiye aliyepikia kanisa kila Jumapili na kila kikao, moshi wote ni wake. Lakini chakula kikishawekwa, alichukua sahani moja, akaifunika kwa nyingine, akaingia nayo ndani alikokuwa Mwalimu, na komeo likalia. Alitoka baadaye kabisa, wakati vikapu vimebaki na makombo, akala makombo amesimama, akaosha vyombo.

"Anakula mara mbili," Mama Letaru alisema. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mwanamke wa Manibe aliyeolewa Koboko, mwenye watoto wengi na subira haba. "Ndani anakula nyama, inje anakuja kula huruma yetu."

"Nyama itoke wapi?" niliuliza.

"Kwa sufuria ya kanisa. Unadhani mutu anapika moshi yote ile bure?"

Hilo neno, bure, ndilo lililotugharimu mwaka ule, na lilianza na Ayubu. Aliyetufundisha Biblia alikuwa katekista Mungufeni, mtu mpole mwenye baiskeli isiyo na breki. Alifundisha kwa Kiswahili kwa sababu mle ndani kulikuwa na Walugbara, Wakakwa, Wakuku na mama mmoja wa Kongo, na Kiswahili ndiyo lugha pekee ambayo sote tuliijua vibaya kwa kiasi kinacholingana. Alikuwa na tabia ya kuchagua habari za watu wazuri walioambiwa ni wabinafsi. Alitusomea Daudi, kijana aliyetumwa na baba yake awapelekee kaka zake mkate vitani, na kaka mkubwa akamfokea kwamba amekuja kwa kiburi chake, kutazama tu. "Mkate wakala?" nilimuuliza katekista. Akasema Biblia haisemi. Mimi najua walikula. Alitusomea Musa, aliyewavusha watu jangwani kisha wakamwambia anajifanya mkubwa juu yao, mpaka mzee wa watu akaanza kujitetea kwamba hajachukua punda wa mtu hata mmoja. Nililisikitikia hilo kuliko bahari iliyopasuka. Mtu mzima, kiongozi, kuhesabu punda ambao hakuiba.

Siku ya Ayubu, katekista alisoma mahali ambapo Shetani anamwuliza Mungu kama Ayubu anamcha bure. Akainua macho. "Sasa nyinyi munasema nini? Ayubu iko naomba Mungu bure?"

"Si bure!" kanisa likajibu kwa nguvu, Mama Letaru akiongoza.

Katekista akauliza tena, taratibu, akidhani hatukusikia. Tukajibu kwa nguvu zaidi. Akakaa kwenye benchi, akashika kichwa. Kwetu sisi wa soko, na kwa wale waliojifunza Kiswahili kambini kwa wanajeshi, mtu wa bure ni mtu hovyo, na kazi ya bure ni kazi isiyo na faida. Nani angesema Ayubu, mtu mzuri vile, anaomba hovyo? Kwa hiyo tulikuwa tumesimama wote kumtetea Ayubu, na kwa kauli moja, na kwa moyo safi, tulikuwa tumekubaliana na Shetani.

"Bure ya bila bei," katekista akaeleza, jasho linamtoka. "Shetani anasema Ayubu iko na bei. Anasema Mungu akiondoa ng'ombe na ngamia, maombi inaisha. Sasa, Ayubu iko na bei?"

Watu wakatazamana. Hiyo ilikuwa ngumu. "Katekista," Mama Letaru akasema, "kitu bila bei hapana iko. Hata hewa, ukifika hospitali, wanauza."

Tukacheka. Nyuma kabisa, mlangoni, Mama Poni alikuwa anachagua maharage ya mchana, anatupa vijiwe nje. Hakuinua kichwa. "Mimi nasema bure," akasema. Tukacheka zaidi, kwa sababu tulidhani hakuelewa swali.

Nilijua mambo ya komeo kwa sababu ya ukuta ule uliokatika juu. Jioni moja mvua ilinirudisha ndani mapema, nikalala kitandani nasikiliza bati. Mvua ilipopungua, nikasikia Mama Poni anaimba upande wa pili, "La," ile la ya do-re-mi. Kimya. Kisha tena, "La, Mwalimu." Kimya. Nilidhani wanafanya mazoezi ya kwaya, nikashangaa mazoezi gani hayo, yenye sauti moja na kutafuna.

"Hii tonge ni kubwa," Mwalimu akasema, mdomo umejaa.

"Ni kubwa kwa sababu jana ulisema ni ndogo. La."

"Hiyo la yako iko chini. Panda kidogo."

"Mimi nikipanda, wewe unafungua mdomo?"

"Nafungua."

Mama Poni akapanda. Mwalimu akafungua. Nikasikia kijiko kinagonga sahani, kisha Mwalimu anacheka, kisha anakohoa, kisha Mama Poni anasema pole pole kwamba sasa wanafuta koti. Nikaelewa yote kwa pamoja, kama mtu anayesoma kibao cha duka kutoka mbali kisha herufi zinakaa sawa. Mkono wa mfukoni ulikuwa umekufa. Na wa kushoto, hata kama angekubali kugusa chakula kwa mkono wa kushoto mbele ya watu, jambo ambalo mzee wa rika lake hakubali, ulitetemeka kiasi kwamba kijiko kingefika mdomoni kimeshamwagika. Alikuwa amefundisha vizazi vya watu kufungua mdomo. Hakutaka waje kumtazama akifunguliwa wa kwake.

Asubuhi Mama Poni alinikuta kisimani. Ukuta unaopitisha maneno unapitisha na kimya, na yeye alikuwa amekisikia kimya changu.

"Mwanangu, jana umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia na sikio yako," akasema, anajaza dumu langu kabla ya lake. "Hapana sikia na mdomo yako."

"Lakini wanasema wewe mchoyo. Mama Letaru anasema unakula mara mbili."

"Waseme. Mimi nikiitwa mchoyo, nalala. Yeye wakijua, atalala?" Akafunga kifuniko cha dumu. "Jina yangu ni nguo. Inachafuka, inafuliwa. Ile ya Mwalimu ni ngozi."

Niliwaza maneno hayo njia nzima mpaka sokoni, na siku ile niliuza vitunguu vibaya. Ninajua kujadiliana bei. Najua kwamba kila mtu, hata mkarimu, ana mahali ambapo mkono wake unajifunga. Nilimtazama mwanamke yule miezi na miezi nikitafuta mahali pake, kama ninavyogeuza shati la mtumba kutafuta tundu. Nilihesabu sahani: moja inaingia, watu wawili wako ndani, na yeye anatoka kula makombo. Nikarudia kuhesabu. Sikupata tundu. Fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, Mzee Juma, Mnubi wa siku nyingi aliyetushonea sare za kwaya, aliwahi kuniuliza kelele za akina mama ni za nini. Nikamwambia wanagombana juu ya mlango. Akakata uzi kwa meno. "Wakristo mna shida," akasema. "Mlango ya nini? Si mutundike pazia."

Kuelekea mwisho wa mwaka, kundi jingine lilivuka, vyumba havikutosha, na akina mama wakapeleka neno kwa wazee wa kanisa: chumba cha mchoyo kitolewe kwa watu wenye watoto, na Mama Poni na Mwalimu waende kambi ya wakimbizi kama wengine. Nilijua kambini maana yake ni nini. Kambini watu walikuwa wanakula uwanjani, chini ya turubai lisilo na ukuta, mamia wakitazamana midomo. Siku hizo hizo katekista alikuwa anatufundisha habari ya yule mwanamke aliyemwagia Yesu mafuta ya thamani, na mwanafunzi mmoja akasema ni hasara, si afadhali yangeuzwa wapewe maskini. Aliyesema hivyo ndiye aliyeshika mfuko. Sokoni jambo hilo hatuhitaji kufundishwa. Lakini niliona akina mama wanatikisa vichwa kwa uchungu juu ya mwanafunzi yule, na mioyoni tayari wameshamtoa Mama Poni chumbani, na hawakuona kwamba ni habari ile ile.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya ibada, mle mle kanisani, na chakula cha kikao, kama kawaida, alikuwa amekipika mshtakiwa. Vikapu vilikuwa mezani vimefunikwa, mvuke unatoka. Mama Letaru alisimama. Nitasema haki yake: hakusema kwa chuki. Alikuwa na mama wa Yei aliyelala kwenye veranda yake na watoto wachanga, na alikuwa anawatetea.

"Mimi hapana gombana na mutu," akasema. "Lakini Mama Poni, tuambie. Kila siku unafunga mlango. Tunakula pamoja, wewe unafunga. Watoto wetu wanauliza. Ndani iko nini?"

"Ndani iko chakula," Mama Poni akasema.

"Chakula ya nani?"

"Ya kula."

Wengine wakacheka vibaya. Katekista akamwambia, kwa upole, kwamba akieleza sababu, wazee watasikiliza, kwamba hata Ayubu alijitetea, tena sana. Mama Poni akatazama mikono yake. "Ayubu alikuwa na maneno," akasema. "Mimi sina. Kama ni chumba, chukueni. Ila mutupe mahali iko na mlango."

Hapo mimi nilikuwa nimeshasimama nusu. Aliniona, akanitazama mara moja, nikakaa. Mzee mmoja akaanza kusema basi, neno limekwisha, watatoka kabla ya Krismasi. Ndipo Mwalimu Wani aliyekuwa mstari wa mbele akainuka. Kwa mkono wa kushoto alishika mkono wa kulia, akautoa mfukoni, akauweka juu ya meza kando ya vikapu, kama mtu anayeweka samaki wa kuuza. Ulilala pale. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani. Hatukuwahi kuviona.

"Mama Letaru," akasema. "Wewe iko sauti ya kwanza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nina njaa. Huyu mama anasimamishwa na kesi, hawezi kunilisha. Nilishe wewe."

Nje, watoto waliosikia habari ya chakula walikuwa wameanza kujaa mlangoni, wanachungulia, na nyuma yao watu wa njiani wanasimama kuuliza kuna nini. Mama Letaru alifunua kikapu. Akakata tonge, akalibonyeza, akalichovya kwenye kunde. Mwalimu akafumba macho, akafungua mdomo, na mdomo wa mzee anayengoja kulishwa, nje ya nyumba yake, mchana, ni kitu ambacho sitaki kukiona tena. Tonge lilibaki hewani. Mama Letaru akaangalia ule mdomo, akaangalia watoto mlangoni. Akalirudisha tonge kikapuni, akatembea mpaka mlangoni, akawasukuma watoto nje kwa goti, akafunga mlango. Komeo la kanisa lilikuwa na kutu. Alilisukuma kwa mikono miwili mpaka likaingia.

Kisha akarudi akamlisha. Alimlisha mpaka akashiba, na sisi wote tukatazama chini. Hakuna aliyesoma uamuzi wowote. Mzee aliyekuwa amesema neno limekwisha alipanga upya vyumba siku ile ile, na yule mama wa Yei na watoto wake walipewa ofisi ya katekista, ambaye alihamishia vitabu vyake chini ya kitanda.

Nilidhani Mama Poni atafurahi. Tuliporudi nyumbani alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona, na ukuta ulinipa yote. Kuna jambo kwenye mwisho wa Ayubu ambalo nimelihesabu mara mbili: kondoo alirudishiwa maradufu, ngamia maradufu, lakini watoto alipewa idadi ile ile ya kwanza, na wale waliokufa hawakurudi. Haki ilipokuja, haikuleta kila kitu. Mama Poni alirudishiwa jina lake, na kile alichokilinda kwa jina hilo kilikuwa kimeshawekwa mezani kati ya vikapu.

"Umefanya nini?" alikuwa anasema. "Mwaka mzima nimebeba. Umemwaga yote siku moja."

"Siri ilikuwa yangu," Mwalimu akasema. "Wewe uliitunza bure. Sasa nimeitumia."

Nilisikia Mama Poni anavuta pua. Jioni ikafika, vikapu vikatoka, na Mama Poni akachukua sahani, akaifunika, akaingia nayo.

"Acha wazi," Mwalimu akasema. "Wameshaona."

"Wameona mkono," akasema Mama Poni. "Meno yanavyotafuna hawajaona." Na komeo likaingia.

Uani tulikuwa tumekaa, kila mtu anajifanya anashughulika na sahani yake. Kutoka ndani ikasikika "la", na mmoja wa watoto wa Mama Letaru, yule mdogo asiyeweza kuacha kitu, akainuka na tonge mkononi kwenda kuchungulia ufa wa mlango. Mama Letaru hakuinuka. Alimwita kwa jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo, na mtoto akasimama.

"Pita mbali na hapo," akamwambia. "Watu wanakula."